Winchester 94 ya kufunguka: mwili mmoja, mitutu mitatu

Habari zenu, na karibuni tena. Leo mezani nina bunduki ya Winchester 94, ile ya wenzo, yaani mkono wa chini unaoushusha na kuupandisha ili kupakia risasi, tena ile ya kufunguka katikati, na pembeni yake mitutu mitatu. Kabla sijagusa kitu chochote: wenzo umeshushwa, bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, iko nyuma, chemba tupu, magazini tupu. Naingiza kidole ndani, mnaona. Risasi za kweli ziko chumba kingine chini ya kufuli. Hizi nitakazopitisha ni za bandia, hazina baruti wala fataki.

Nataka kujibu swali moja tu. Ukiwa na bunduki ya namna hii, ukanunua mtutu wa kaliba nyingine, yaani wa saizi nyingine ya risasi, je, umepata bunduki ya pili? Mimi nasema bado. Unakuwa nayo siku mtutu ule utakapopimwa pamoja na mwili huu huu, ile sehemu ya nyuma yenye bolti, si mwingine. Mitutu yangu miwili imekubali. Mmoja umekataa, na huo ndio ulionifanya nirekodi video hii.

Bunduki yenyewe ni kazi ya John Browning, fundi wa Ogden kule Utah. Winchester walianza kuiuza mwaka 1894 kwa kaliba mbili za zama za baruti nyeusi, .32-40 na .38-55. Mwaka uliofuata zikaja .30-30 na .25-35, risasi za baruti isiyotoa moshi, na baadaye .32 Special. Tangu hapo zimetengenezwa zaidi ya milioni saba. Hapa Pennsylvania ninakoishi bado zinapendwa sana msimu wa kulungu, maana sheria ya uwindaji hapa hairuhusu kumpiga kulungu kwa raifo inayojipakia yenyewe. Mzee mmoja jirani yangu hajawahi kuwinda na kitu kingine.

Hii yangu ilitoka kiwandani New Haven mwaka 1903. Mtutu wake wa kuzaliwa nao ni huu wa .30-30, inchi 26.

Sasa angalieni inavyofunguka. Hapa mbele, mwisho wa bomba la magazini, kuna kijiwenzo kimelala. Nakiinua. Nakitumia kuzungusha bomba mpaka hesi zake ziachie, kisha navuta bomba mbele kidogo. Wenzo mkubwa uwe umeshushwa mpaka mwisho, ili bolti na kile kidole chake cha kuvutia maganda viwe vimetoka kabisa kwenye mtutu. Ukisahau hilo ukalazimisha, unavunja kidole kile, na kipuri cha miaka mia na ushee hukipati duka la jirani. Sasa nashika mtutu, nauzungusha robo mzunguko... umetoka. Nusu ya mbele mkono huu, nusu ya nyuma mkono huu. Inaingia kwenye begi fupi la nguo.

Robo mzunguko inatosha kwa sababu hesi hazikuzunguka mtutu wote. Zimekatwa pande mbili, zikaachwa pande mbili, na ndani ya mwili vivyo hivyo. Meno yanapita kwenye mapengo, ukizungusha yanaumana. Sogeza macho hapa uone vizuri. Mtu alikata haya kwa mashine ya mkanda zaidi ya miaka mia iliyopita, na bado yanashika bila kucheza. Mimi hii kazi naiheshimu mno.

Angalieni pia kilichotoka pamoja na mtutu: bomba la magazini, mbao ya mbele, na hii pete ya chuma inayokaa usoni pa mwili. Vyote ni familia moja. Mtu akikuuzia mtutu mtupu, bila pete na bila bomba lake, amekuuzia robo ya safari.

Mtutu wa pili ni .25-35. Huu ndio unaonifurahisha zaidi. Kwa nini mwili wa .30-30 uupokee bila kubadilishiwa bolti? Jibu liko kwenye ganda. Naweka tatu hapa zisimame: .38-55, .30-30, .25-35. Shingo zinapungua, lakini angalia kitako. Ukingo wa zote ni inchi 0.506. Ni watoto wa tumbo moja, huyu kabanwa shingo kidogo, huyu kabanwa zaidi. Kwa hiyo bolti ile ile, kidole kile kile, na urefu wa risasi unakaribiana kiasi kwamba kile kinachopandisha risasi hakioni tofauti. Hebu tupitishe za bandia. Moja... mbili... tatu. Hakuna iliyokwama.

Kinachobadilika ni ndani ya mtutu. Mifereji ya .25-35 inakamilisha mzunguko mmoja kila inchi 8, ya .30-30 kila inchi 12, ya .38-55 kila inchi 18. Risasi nyembamba na ndefu inataka kuzungushwa haraka zaidi ili isiyumbe hewani. Begani nako tofauti unaisikia: .25-35 yenye kichwa cha uzito wa greni 117 haikusukumi sana, binti yangu mkubwa anaipiga siku nzima. Greni 170 za .30-30 zinakukumbusha kwamba zipo.

Na kulenga je? Hapa kuna jambo zuri. Vilengeo vyote viwili, cha mbele na cha nyuma, vimekaa juu ya mtutu. Ukishaurekebisha mtutu uwanjani, unahama na marekebisho yake. Nilifungua na kufunga mtutu wa .30-30 mara sita, kila mara risasi tatu kwa yadi 100, na katikati ya matundu ilihama kama inchi moja na nusu tu. Kwa kulungu wa msituni hiyo haina shida. Ila kama bunduki yako ina kile kilengeo kirefu kinachosimama nyuma, kwenye shingo ya kitako, hicho ni cha mwili. Kila ukibadilisha mtutu itabidi ukirekebishe upya, kwa hiyo andika namba zako kwenye daftari.

Haya, mtutu wa tatu. Ni .38-55, niliununua kwa muuzaji aliyeniambia utaingia tu. Kweli, uliingia. Robo mzunguko, ukasimama wima, kilengeo juu sawasawa. Kwa macho ungesema umezaliwa hapa.

Ila nina geji hizi mbili za chuma, zimechongwa mfano wa kitako cha ganda. Ya kwanza bolti lazima ifunge juu yake. Ya pili, nene kidogo, bolti lazima ikatae. Kwa .30-30: inafunga, inakataa. Kwa .25-35: inafunga, inakataa. Kwa mtutu huu, geji zile zile, maana ukingo ni ule ule: inafunga... na hii nene nayo, sikilizeni, inafunga. Maana yake ganda likilipuka lina nafasi ya kurudi nyuma kabla halijakutana na bolti. Linanyooka, linachanika karibu na ukingo, na moto unatafuta njia ya kutokea. Uso wako uko inchi chache nyuma yake. Huu sikuupiga hata risasi moja.

Halafu someni maandishi. Mtutu wangu wa .30-30 umegongwa maneno yanayosema ni chuma cha nikeli, mahususi kwa baruti isiyotoa moshi. Huu wa .38-55 hauna maneno hayo. Ni chuma laini zaidi, cha enzi za baruti nyeusi, kwa hiyo hata ukirekebishwa utapewa risasi za nguvu ndogo peke yake. Na kaliba zenyewe zisichanganywe mfukoni. Risasi ya .30-30 inaweza kuingia kwenye chemba ya .32 Special na ikalipuka, na ganda likachanika. Mimi kila mtutu una boksi lake, lenye rangi yake.

Ukitaka seti ya kweli ya mitutu miwili, kiwanda kilizitengeneza kwa oda maalumu, na kuna namna ya kuhakiki. Makumbusho ya bunduki kule Cody, Wyoming, wanayo madaftari ya Winchester. Kwa 94 wana namba 1 hadi 353,999. Unawapa namba ya mwili, wanakuandikia barua kueleza ilivyotoka kiwandani. Muuzaji akisema "seti halisi" na namba iko ndani ya hizo, mwombe barua kabla ya kutoa hela.

Hapa Marekani mwili wenye namba ndio bunduki kisheria, mtutu unauzwa kama kipuri. Ndugu zangu mlioko Kenya na Tanzania, msichukue hilo kama ruhusa. Bunduki iliyo kwenye leseni yako usiiguse kaliba mpaka wenye mamlaka ya leseni wakuambie.

Kwa hiyo naipendekeza? Mwili na mtutu wake wa asili, ndiyo, kwa moyo wote. Shika ncha ya mtutu uutikise kabla ya kununua, ukicheza achana nayo. Mtutu wa ziada nunua pale tu muuzaji atakapokubali urudishe fundi akikataa. Huu wa .38-55 ninaufunga kwenye karatasi ya oili sasa hivi, kesho unaenda kwa fundi aone kama pete yake inaweza kusogezwa ili ile nafasi ya ziada izibe. Akishindwa, utabaki kabatini, na kibandiko hiki chekundu hakitoki.