Nimejaribu mawingu ya maneno darasani: Je, yanakifaa Kiswahili?

Hamjambo nyote, karibuni. Leo tunazichambua zana za mtandaoni za kutengeneza wingu la maneno. Nazungumza kama mwalimu wa Kiswahili hapa Mombasa, niliyezitumia na kidato cha tatu, na pia na darasa langu la jioni la wageni wanaojifunza lugha.

Wingu lenyewe mnalijua. Unabandika matini, programu inahesabu kila neno limetokea mara ngapi, na lililotokea sana linaandikwa kubwa. Umaarufu wake ulikuja mwaka 2008, Jonathan Feinberg wa IBM alipotoa programu yake, Wordle. Ukilitafuta jina hilo leo utaletewa mchezo wa kukisia neno la herufi 5, uliotoka 2021. Ni kitu kingine kabisa, usimalize bando lako hapo.

Haya, tazameni kioo changu. Hii ni matini ya ukurasa mmoja kuhusu feri ya Likoni, nimeibandika bila kugusa kitu. Mnaona nini? NA. YA. WA. KWA. Vimejazana kama abiria wa saa kumi na mbili jioni, na feri yenyewe imesukumwa pembeni. Zana nyingi huja na orodha ya maneno madogo ya kuachwa, ila orodha hiyo ni ya Kiingereza. Yetu inabidi uyafute mwenyewe.

Hilo ni la dakika tano. La pili ndilo lililonikosesha raha. Matini nzima inahusu kuvuka, lakini kuvuka hakuonekani! Nikafungua orodha ya hesabu, na hii hapa: anavuka 1, wanavuka 2, tulivuka 1, huvuka 1, asipovuka 1, kuvuka 2, wakavushwa 1. Kitenzi kimoja, mara 9, kimekatwa vipande 7. Programu inalinganisha herufi tu, haijui kiambishi wala mzizi. Na zana moja niliyoijaribu ililipasua "ng'ambo" kwenye ile alama ya king'ong'o, nikapata "ng" huku na "ambo" kule.

Nilitaka kuachana nazo. Kisha nikaona kwamba kazi iliyoishinda mashine ndiyo ninayotaka wanafunzi wangu waifanye. Nikaenda saiba nikachapisha ile orodha, nikawaambia: zungushieni mzizi, kusanyeni ndugu pamoja. Wallahi, sijawahi kuona darasa likigombania viambishi namna ile. Wengine wakakataa kwamba "wakavushwa" ni wa ukoo wa vuka, mpaka tukashuka ngazi ubaoni: vuka, vusha, vushwa. Halafu binti mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, na kivuko je?" Tukaingia kwenye nomino zinazotokana na vitenzi, somo nililokuwa nimelipanga wiki ya pili yake. Tulipotengeneza wingu upya, VUKA likakaa katikati, kubwa kuliko yote.

Kwa insha pia inasaidia. Mwanafunzi anabandika kazi yake, anaona "sana" na "kisha" yamejaa, na kalamu nyekundu haijagusa karatasi. Ila misemo iungeni kwa kistari, ghafla-bin-vuu, isije ikatawanyika maneno matatu.

Tahadhari moja: neno refu huonekana kubwa hata likiwa na hesabu sawa na fupi. "Wanaosubiri" na "maji" yote mara 3, lakini jicho linavutwa na la kwanza. Rangi nazo ni pambo tu, msiwaache wanafunzi wazitafutie maana.

Sasa, ipi? Kwa shule nachagua WordClouds.com. Haidai ujisajili, inafunguka kwenye kivinjari, na orodha yake ina safu ya uzito: unaandika vuka, unaipa 9, imekwisha. Picha unaihifadhi na kuichapisha. Mentimeter, ya Waswidi, naitumia na watu wazima wa jioni, maana kila mmoja huingia kwa simu yake na neno lake likatokea ukutani papo hapo. Niliwauliza wanasikia nini Mji wa Kale alfajiri. "Adhana" likavimba mbele ya macho yao, na mmoja akaandika "kunguru". Tukacheka, kisha tukajifunza: kunguru analia, kunguru wanalia.

Matini ya feri nimeiweka hapo chini, ikiwa na orodha ambayo haijasafishwa. Isafisheni na wanafunzi wenu.