Miaka minne na Nikon 80-200mm f/2.8D: nzito, ina kelele, na bado siiuzi

Lenzi hii niliinunua mtumba kwa milioni moja na laki moja, kwa mpiga picha mwenzangu hapa Dar aliyekuwa anahamia kwenye video. Tulikutana Sinza. Akaitoa mkobani, nikaipokea kwa mkono mmoja, mkono ukashuka wenyewe. Hii kitu ina kilo 1.3, na hapo hujaifunga kwenye kamera. Wakati huo nilikuwa natumia kamera ya Nikon D3200, na kwa ile pupa ya mtu aliyeota siku nyingi lenzi ya f/2.8, yaani yenye mdomo mpana unaoingiza mwanga mwingi, sikuuliza swali lililotakiwa kuulizwa kwanza.

Nafika nyumbani, naifunga, nabonyeza kitufe cha picha nusu ili ifokasi. Kimya. Nikafuta zile nukta za shaba zinazogusana na kamera kwa kitambaa, nikaifunga tena. Kimya. Nikampigia jamaa.

"Kaka, hiyo haina mota ndani," akaniambia. "Inazungushwa na mota ya kamera. Angalia mdomoni mwa kamera yako, kama huoni kichuma mfano wa ncha ya bisibisi, basi itabidi ufokasi kwa mkono."

Hakikuwepo. Kamera za familia za D3000 na D5000 zote hazinacho. Miezi mitatu nikafokasi kwa mkono, na ushahidi ninao bado: send-off moja, bibi harusi anamlisha baba yake kipande cha ndafu, hereni imetoka kali hadi unahesabu shanga zake, jicho limezama kwenye ukungu. Wateja walizipenda zile picha. Mimi kila nikizifungua naiona ile hereni.

Nilipopata D750, kamera yenye mota hiyo, ndipo nikaijua lenzi niliyokuwa nimeibeba. Toleo ninaloliongelea ni lile la pete mbili, moja ya kuvuta picha karibu (zoom) na moja ya fokasi, lililotoka miaka ya mwisho ya tisini. Lile la kabla yake lilikuwa na pete moja ya kusukuma na kuvuta, na halikuwa na shingo ya kufungia stendi. Ndani ya hili kuna vioo 16, vitatu vikiwa vya ED, vile vya kupunguza rangi kutawanyika, na mbele linachukua filta ya milimita 77. Nikon walitoa 70-200 yenye VR, yaani kizuia mtikisiko, mwaka 2003, lakini hii mzee ikaendelea kuuzwa mpya kwa miaka mingi baada ya hapo, na anayeitumia haoni ajabu.

Kazi yake halisi ni sura ya mtu. Msimamishe bibi harusi ufukweni Coco jua likiwa limeshapoa, rudi nyuma hatua kumi na kitu, weka kwenye milimita 135 au 200, fungua f/2.8. Wauza mihogo na magari yaliyoegeshwa nyuma yake yanayeyuka yote, wala huhitaji kumwambia mtu asogee. Pua haivimbi kama inavyovimba ukimsogelea mtu na lenzi fupi. Ngozi inatoka laini bila kupoteza vinyweleo. Ukiwa karibu sana kwenye 200 na f/2.8 picha inalegea kidogo; ikaze mdomo hadi f/4 uone. Shela jeupe likipigwa na jua kwa nyuma linaweza kuota mstari wa zambarau pembeni, na jua likiingia kwenye kioo rangi zinapauka, kwa hiyo kofia yake, HB-7, usiiache nyumbani.

Ukumbini ni habari nyingine. Faida kubwa ni kwamba napiga keki nikiwa nyuma ya ukuta wa mashangazi wenye simu, bila kugombana na mtu wala kusikia MC akinitania kwenye kipaza sauti. Hasara ni kwamba haina kizuia mtikisiko. Kasi ya shata ikiwa chini ya 1/250 ya sekunde nikiwa kwenye 200, mkono wangu unaonekana kwenye picha. Kwa taa za kumbi zetu hiyo maana yake kupandisha ISO, ule wepesi wa kamera kwa mwanga, hadi 3200 na kuendelea, au stendi ya mguu mmoja. Picha ya ukoo mzima usijaribu. Kwenye 80 utaishia kupiga ukiwa mlangoni.

Na kelele! Inafokasi kwa sauti ya cherehani. Kuna harusi moja kanisani, padri amenyamaza akisubiri bwana harusi aanze kiapo, nami nikabonyeza. Krrrk. Mama mmoja wa benchi la mbele aligeuka akaniangalia hadi nikashusha kamera. Tangu siku hiyo natumia kile kiswichi cha pembeni kinachofunga safari ya fokasi isizunguke yote, na nafokasi kabla ukimya haujaingia.

Ya kwangu ina ugonjwa ambao wenye lenzi hii wengi wanaufahamu: kwenye 80, mtu akiwa karibu, fokasi inaangukia nyuma ya jicho. D750 inakuruhusu kurekebisha, lakini inatunza namba moja tu kwa lenzi nzima, ukiiponya 80 unaiumiza 200. Niliamua kuiacha sawa upande wa 200, maana huko ndiko ninakoishi.

Sasa kioja cha FEE. Lenzi hii ina pete ya f, ya kufungua na kukaza mdomo wake, kwenye shina, na kwa kamera za sasa lazima ikae kwenye 22 na ifungwe kwa kakitasa kake kadogo. Ijumaa moja niliifungua hadi 2.8 ili niikague ndani kwa tochi ya simu, nikasahau kuirudisha. Kesho yake, maharusi wanaingia ukumbini, kioo cha kamera kinaandika FEE na shata imegoma. Nikadhani kamera inanidai ada. Wimbo wa kuingilia ulikwisha nikiwa nimeinama nazima na kuwasha, nabadilisha betri. Mwenzangu wa video ndiye aliyeokoa jahazi, picha mbili za albamu zilikatwa kwenye video yake.

Hata hivyo ukaguzi wenyewe usiuache, hasa ukinunua huku pwani. Joto na unyevu wa Dar vinaleta fangasi, na lenzi ya miaka ishirini na kitu imeshalala kwenye makabati mengi. Zungusha pete hadi 2.8, mulika kwa nyuma, angalia kwa mbele: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, rudisha. Halafu shika pete ya A/M, ile ya kuhamisha fokasi kati ya kamera na mkono. Ni plastiki, na hupasuka. Yangu ina ufa mwembamba kama unywele kando ya kitufe, nimeuzungushia gundi nyeusi ya umeme, na nimeiacha kwenye A moja kwa moja. Fundi aliniambia atairekebisha nikimletea pete nyingine, nami pete nyingine sijaipata. Lenzi yenyewe inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.

Kama unawaza kuhamia kamera mpya za Nikon, za Z, jua kwamba adapta ya FTZ, ile ya kufungia lenzi hizi za zamani, nayo haina mota. Utarudi kwenye maisha yangu ya D3200, ingawa kioo cha kamera hizo kitakusaidia kuona fokasi vizuri zaidi. Hiyo ndiyo sababu D750 yangu haijauzwa, japo nimeshapewa bei mara mbili. Jumamosi nina harusi Tabata, mchana kanisani, jioni ukumbini. Pete iko kwenye 22, nimeiangalia asubuhi hii, na nitaiangalia tena nikifika.