Kipima umeme cha soketi: miezi mitano na friza yangu ya barafu

Kifaa chenyewe si kikubwa kushinda kipande cha sabuni. Unakichomeka kwenye soketi, unachomeka friji au pasi juu yake, nacho kinakuonyesha wati zinazopita saa hiyo na uniti zilizoliwa tangu ulipokiweka. Nilikinunua Januari 2024 duka moja karibu na Mwembe Tayari, Mombasa, shilingi 1,800 baada ya kupatana. Wala halikuwa wazo langu. Nilitiwa maneno na dadangu.

Dadangu anakaa Valencia, Uhispania. Alipokuja Desemba 2023 alitukuta hapa Tudor siku ya Alhamisi, saa moja usiku, tunapiga pasi kanzu za Ijumaa. Akashika kichwa. Kule kwao, tangu Juni 2021, stima ya nyumbani inakwenda kwa saa. Saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana ni ghali, na ghali tena saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku. Rahisi ni saa sita usiku mpaka saa mbili asubuhi, na Jumamosi na Jumapili kutwa kucha. Aliye kwenye bei inayosimamiwa na serikali hutazama simu kila jioni ajue bei za kesho, saa kwa saa, ndipo aamue nguo azifue lini.

Basi nasi tukaiga. Kanzu zikahamia saa tano usiku. Mama akawa hapati usingizi kwa harufu ya nguo moto. "Mwanangu," akaniambia, "watu wazima kupiga pasi usiku wa manane! Majirani watasema humu ndani mna mgonjwa." Dadangu akashikilia kwamba mwezi ukiisha tutaona.

Hatukuona kitu. Siku moja nilinunua tokeni za shilingi 500 saa tano usiku, kulipokucha nikanunua nyingine za 500 saa tatu asubuhi. Uniti zikatoka zile zile, mpaka nukta. Mita yangu ya tokeni haina habari na saa. Wako pia wanaoapa kwamba ukinunua tarehe mosi unapata nyingi zaidi. Hilo lilikuwa na ukweli wake zamani, siku za bei ya ngazi, uniti za mwanzo wa mwezi zilipokuwa rahisi kuliko zinazofuata, lakini sasa hesabu imebadilika.

Hesabu yenyewe, ambayo ningeijua mapema ningelala usingizi wangu, ni hii: sisi wa nyumbani tunapangwa kwa wastani wa uniti tulizotumia miezi mitatu. Kwa bei zilizoanza Aprili 2023, asiyezidi uniti 30 kwa mwezi alilipa sh. 12.22 kwa uniti, asiyezidi 100 alilipa 16.30, na aliyevuka 100 alilipa 20.97. Ada ya mafuta, kodi na makato mengine huja juu yake. Ukivuka mia, bei ya juu haishiki zile uniti chache ulizozidisha tu. Inashika zote. Mie wastani wangu ulikuwa 118.

Hapo ndipo kile kifaa kilipoanza kunifaa, maana swali halikuwa tena stima inaliwa saa ngapi, bali ni nani anayeila.

Nauza barafu za ukwaju na za ubuyu hapa mlangoni, kwa hiyo nikaanza na friza. Niliiwekea kipima siku tatu mfululizo: uniti 1.9 kwa siku. Hiyo ni 57 kwa mwezi, karibu nusu ya stima yote ya nyumba, kwa barafu za shilingi kumi! Nikaizima siku nzima, nikayeyusha theluji iliyokuwa imeshika kuta zake, nene kama kiganja. Nikaivuta mbali na ukuta, kwani ilikuwa imebanwa kwenye kona ambayo jua la alasiri linaipiga kupitia dirishani. Kisha nikawawekea watoto wanunuzi kikasha cha baridi cha barafu za kutosha mchana, nisifungue mfuniko kwa kila mtoto mwenye shilingi kumi. Nilipopima tena: 1.4. Na hapo ni katikati ya kaskazi, joto la Februari ambalo hata ukuta unatoka jasho.

Wa pili alinishangaza. Ni birika la umeme. Linavuta wati 2,000, nalo kwetu lilikuwa linachemshwa mara sita, mara saba kwa siku, kila mtu kwa kikombe chake kimoja na maji yamejaa mpaka juu. Sasa yanachemshwa mara mbili tatu na kutiwa kwenye chupa ya chai. Zimepungua uniti kama nane kwa mwezi. Pasi, iliyotukosesha usingizi wiki mbili nzima, ilikuwa uniti tano tu kwa mwezi, ukipiga usiku ama mchana.

Dikoda ya televisheni inakula wati 12 hata ikiwa imelala. Mume wangu nilimwonyesha. Akaitazama, akasema ahaa, akaiacha inawaka.

Aprili wastani wangu ulishuka mpaka 95. Usitarajie kuona kitu mwezi wa kwanza, kwa sababu miezi ya zamani bado inahesabiwa. Mie nilikaribia kukata tamaa Machi. Ukipiga kwa bei zile, uniti 118 ni sh. 2,474, na 95 ni sh. 1,548, kabla ya makato. Kifaa kilijilipa chenyewe miezi miwili tu baada ya wastani kushuka.

Sasa ubaya wake. Kuna kibetri kidogo ndani cha kushika hesabu stima ikipotea, na changu kilikufa wiki ya tano. Nadhani ni huu unyevu wa chumvi. Tangu hapo stima ikikatika hesabu inarudi sifuri, nasi twajua inavyokatika, kwa hiyo naandika kwenye daftari kila jioni. Maelezo yalikuja kwa Kichina peke yake. Kikibeba pasi kinapata moto, nami simwachii mtoto. Vitu visivyo na plagi, kama feni ya darini na shawa ya maji moto ya Mama, hakivipimi kabisa.

Kina pia kitufe cha bei mbili, ya mchana na ya usiku. Kitufe hicho kimetengenezwa kwa ajili ya kina dadangu. Kwetu hakina kazi, jambo linaloniudhi kidogo. Mvuke wa ardhini wa Olkaria, unaotuzalishia stima, haulali. Usiku watu wakizima taa, mvuke mwingine huachiwa hewani bure. Ndiyo maana wenye viwanda walipewa nafuu ya usiku tangu Desemba 2017, na magari ya umeme yakapata yake 2023. Friza ni chombo kinachoweza kugandisha usiku na kukaa kimya jioni nzima kikiwa kimejaa na hakifunguliwi. Nimejaribu: kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne usiku imezimwa, barafu hazikulegea. Ningepewa bei ya usiku ningefanya hivyo kila siku, na Mama asingesikia harufu yoyote.

Kwa sasa kifaa hakiko kwangu. Jirani wa ghorofa ya chini alikiazima Ijumaa apime friji yake, na nikipita mlangoni kwake namsikia akimsomea mumewe namba kwa sauti.