Rangi zao zadanganya: uzoefu wangu na apu ya makadirio ya besiboli

Nianze na kusema hii apu yapendeza macho, nisije nikaambiwa nina chuki. Unafungua simu, timu zote 30 za ligi kuu ya Marekani ziko pale zimepangwa, kila mpigaji na kiboksi chake cha rangi, bluu kama atarajiwa kupiga vibaya, nyekundu kama atarajiwa kutwanga, na ukibonyeza kiboksi namba zinatoka zote, wastani wa kupiga, OPS (kipimo kinachojumlisha kufika besi na nguvu ya kupiga), homurani (kupiga mpira ukatoka nje ya uwanja), kila kitu. Sisi wachache tunaocheza fantasi ya besiboli huku Mombasa, yaani unaunda timu yako ya kubuni kwa wachezaji wa kweli na kupata pointi kwa namba zao, tunaokesha maana mechi ya New York ya saa moja jioni kwetu ni saa nane usiku, tulikuwa na njaa ya kitu kama hiki. Nikalipa ada ya msimu mzima bila kusita.

Na makadirio yenyewe siyapingi. Hata ile njia nyepesi kabisa ya kukadiria ya Tom Tango, mtu wa takwimu za besiboli, iitwayo Marcel, yachukua misimu mitatu ya mchezaji, uliopita unapewa uzito wa 5, wa kabla yake 4, wa nyuma zaidi 3, halafu anavutwa kidogo kwenye wastani wa ligi na umri wake unahesabiwa. Hesabu hiyo yaeleweka.

Shida ni rangi. Yaani wamepaka kila timu kivyake! Nyekundu ya Yankees imepimwa kwa Yankees wenyewe, nyekundu ya White Sox imepimwa kwa White Sox wenyewe, hawa White Sox waliopoteza mechi 121 mwaka 2024, na kila nikitazama wana mtu wao mmoja anawaka sawasawa na Aaron Judge wa Yankees. Judge! Alopiga homurani 62 mwaka 2022! Ukurasa umeandikwa linganisha timu zote, sasa nalinganisha nini kama kila timu ina rula yake? Kijana mmoja wa kundi letu pale Majengo alichagua mpigaji kwa kuona wekundu tu, kuja kufungua namba ni mtu wa kawaida kabisa, na alikuwa ashafunga timu yake.

Nikataka kuhakikisha. Kuna mahali unaweza kumvuta mchezaji toka timu moja ukamtia nyingine, basi nikamchukua Luis Arraez, bingwa wa wastani wa kupiga 2022, 2023 na 2024, kila mwaka na timu tofauti, nikachagua OPS, nikamtoa timu dhaifu nikamweka Dodgers pamoja na wapigaji wakali kina Ohtani. Namba haikusonga hata nukta, rangi ikafifia ikawa kama chai ya maji mengi. Mtu ni yule yule, makadirio ni yale yale! Ingekuwa nimempeleka Denver, uwanja wa Rockies uko juu mita 1,600 hivi na mpira huruka mbali kule, namba ikapanda na rangi ikapanda, ningenyamaza.

Nikawaandikia kastama kea, kwa adabu, na picha za skrini nikaambatisha. Jibu lilichukua siku kadhaa na lilipokuja, ati rangi hazina kasoro, pengine huko niliko besiboli bado ni ngeni, nisome kwanza maelezo ya wanaoanza. Wallahi damu ilinichemka. Mi nawauliza habari ya skeli wao wanijibu habari ya ninakoishi? Hawakugusa picha hata moja! Hawakutaja Arraez, hawakutaja chochote nilichouliza, na pesa yangu waliipokea bila kuuliza imetoka wapi.

Nilikuwa nishaandika nyota nne hapa, maana kazi imefanywa kwa bidii na namba za ndani zaaminika. Nikashusha hadi tatu nikimfikiria yule kijana. Sasa nimelisoma tena lile jibu na naweka moja, na hiyo moja ni ya alotengeneza ule ukurasa wa mchezaji mmoja mmoja, ambao bado naufungua kila asubuhi, sitasema uongo, huyo mtu aijua kazi yake na angestahili wenzake bora kuliko hawa. Kama ni lazima uinunue, usiangalie rangi, panga kwa namba.

Wawapake wapigaji wote kwa kipimo kimoja cha ligi nzima, na yule alonijibu aniombe radhi kwa maandishi. Rifandi sitaki.