Mkono ulisimama, meza ikaendelea kuzunguka: tathmini ya huduma ya kufungiwa roboti

Karakana yetu ya Lubumbashi, inayokarabati vyuma vya mitambo ya migodini, ilifungiwa roboti ya kuchomelea na kampuni ambayo sitaitaja. Roboti yenyewe sina neno nayo. Kidhibiti chake cha mkononi kina swichi ya nafasi tatu, ambayo ukiiachia, mkono wa roboti husimama, na ukiibana kwa hofu husimama vilevile. Na fundi anapoifundisha njia kwa mwendo wa pole, haivuki milimita 250 kwa sekunde, kama kiwango cha kimataifa cha usalama wa roboti, ISO 10218, kinavyotaka.

Kasoro imo katika vile vilivyoizunguka. Siku ya makabidhiano nilibonyeza kitufe chekundu cha dharura: mkono uliganda, lakini meza inayogeuza kipande cha kuchomelewa, ikiwa na chuma kizito juu yake, ilimaliza nusu mzunguko kana kwamba hakuna aliyegusa kitu. Tulipofungua kabati la umeme tulikuta meza inapokea waya mmoja wa ishara ya kawaida kutoka kwa roboti, wala haikuunganishwa na mzunguko wa usalama, ambao hupitishwa katika njia mbili ili moja ikiharibika nyingine isimamishe mashine. Sehemu ya pili ya kiwango hicho humtaka mfungaji apime hatari za eneo zima pamoja na mashine zinazoshirikiana na roboti. Huyu alipima mkono peke yake.

Baya zaidi, kwa sisi tunaojua umeme wetu unavyokatika, ni kwamba uliporudi meza ilianza kuzunguka yenyewe.

Tulilalamika, wakarudi bila ubishi, jambo ninalowapongeza. Sasa kitufe kimoja husimamisha mkono na meza, na hakuna kinachoanza tena mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuwashia kilicho nje ya uzio, mahali anapoona eneo lote la ndani.

Limebaki pazia la mwanga, yaani miale inayosimamisha mashine mtu anapoikatiza. Mwendo wa mtu anayekaribia hatari hukadiriwa kuwa milimita 1,600 kwa sekunde, na meza yetu huchukua takriban sekunde moja kusimama, ilhali pazia wameliweka sentimita 60 tu kutoka kwenye meza, hivyo mtu anaweza kuifikia kabla haijasimama. Wameahidi kulisogeza. Kwa sasa tumepaka mstari wa njano sakafuni, na fundi mmoja husimama hapo kuwazuia wenzake.