Programu inayofundisha kodi za piano za kumi na tatu, kisha inazikataa

Miezi kadhaa iliyopita nililipia programu ya simu inayofundisha kodi pana za piano (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), yaani za tisa, za kumi na moja na za kumi na tatu, zikihesabiwa kutoka noti ya msingi inayoipa kodi jina, na mwanzoni sikuwa na neno nayo. Mwalimu wa kwenye video anaeleza kwa utulivu kwamba C13, yaani kodi ya kumi na tatu inayojengwa juu ya C, ikipigwa kamili ina noti saba, C, E, G, B flati, D, F na A, na kwamba F hugombana na E hadi sikio likakereka. Kwa hiyo, anasema, iache F, iache na G ambayo haiongezi ladha yoyote. Mkono wa kushoto ushike C na B flati, wa kulia ushike E, A na D. Nilipoipiga hivyo nilitabasamu peke yangu.

Balaa lilikuwa kwenye mazoezi, ambako programu husikiliza kwa maikrofoni na kukusahihisha. Nilipiga kodi ileile, kwa vidole vilevile alivyoonyesha mwalimu wao, ikanipa alama nyekundu kwa kukosa F na G! Niliwaandikia watu wa huduma kwa wateja kwa adabu zote, nikawaambatishia somo lao wenyewe, nao wakanijibu kwa mstari mmoja usio na hata salamu: "Piga kinachoonekana kwenye skrini." Aliyeandika hivyo, nathubutu kusema, hajawahi kuigusa piano, na tangu hapo kila kitu cha programu hiyo kinaniudhi, hadi ule mlio wake wa kufungulia.

Nilikusudia kumwambia kila mtu asiinunue. Kinachonizuia ni somo la kuhama kodi tatu zinazofuatana, kutoka Dm9 kwenda G13 hadi Cmaj9: mkono wa kushoto unashika F, A, C na E, noti ya msingi akiachiwa mpiga besi, kisha C peke yake inashuka hadi B na tayari umefika G13, halafu B inabaki palepale huku F, A na E zikishuka hatua moja moja hadi E, G na D. Sijawahi kuelezwa jambo hilo waziwazi namna hiyo. Basi inunueni, pengine, kwa ajili ya video tu, na maikrofoni muinyime ruhusa. Ingawa kila nikilikumbuka lile jibu lao, natamani kudai fedha zangu zirudishwe.