Suzuki Hayabusa barabarani: pikipiki inayokuficha kasi yake

Hayabusa ya kizazi cha tatu, iliyotoka 2021, ina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba imetengenezwa vizuri mno. Ukiwa gia ya sita kwa kilomita 100 kwa saa, injini inazunguka kama mara 3,400 tu kwa dakika. Haitetemeki, hailii, na kava lake pana la mbele linapasua upepo kabla haujakufika kifuani. Pikipiki ya cc 150 ikifika kasi hiyo kila nati inakupigia kelele upunguze. Hii inanyamaza, na inaendelea kunyamaza hata mita ikisoma 160.

Kwa wanaopenda namba: silinda nne, cc 1,340, nguvu za farasi 190 kwenye mizunguko 9,700, toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 150 kwenye mizunguko 7,000, na uzito wa kilo 264 ikiwa na mafuta tele kwenye tangi la lita 20. Kizazi cha pili kilikuwa na farasi 197, na wapo wanaolalamika kwamba wameibiwa saba. Malalamiko hayo hayana uzito. Za sasa zinavuta vizuri zaidi katikati ya mizunguko, na katikati ndiko unakoishi barabarani. Huko juu hufiki, labda uwe na uwanja wa ndege.

Na huna haja ya kufika. Gia ya kwanza peke yake inapita kilomita 120 kwa saa kabla ya kugonga mstari mwekundu, yaani kikomo cha mizunguko ya injini. Ndani ya miji ya Kenya na Tanzania kikomo ni 50, yaani unatembea gia ya kwanza injini ikiwa haijafika hata nusu ya mizunguko yake. Gia tano zilizobaki zimewekewa barabara ambazo wengi wetu hatuna.

Ile sifa ya kuvuka kilomita 300 kwa saa ni ya toleo la kwanza la 1999, la cc 1,299. Watengenezaji wa Japani na Ulaya walipoona serikali za Ulaya zinaanza kukunja uso, walielewana wenyewe, bila sheria, wasipite hapo. Ndiyo maana hata hii mpya imefungwa kwenye 299. Mwaka 2016 bingwa wa mbio za pikipiki Kenan Sofuoğlu alifika 400 nchini Uturuki kwa Kawasaki Ninja H2R, lakini angalia alivyofika: daraja la Osman Gazi lilifungwa, tairi zilikuwa maalumu, mafuta yalikuwa ya mashindano, na pikipiki yenyewe hairuhusiwi kutembea barabarani.

Sasa tupige hesabu ya kusimama, kwa sababu hapo ndipo watu wanajidanganya. Chukua lami kavu, tairi nzuri, na mpandaji anayejua kubana breki hadi mwisho wa uwezo wa tairi. Mpe sekunde moja na nusu ya kuona hatari na kufikisha vidole kwenye breki. Akiwa kwenye 100 atatumia mita 86 hivi hadi kusimama. Akiwa kwenye 200 atatumia kama mita 260, na 83 kati ya hizo zimepita kabla breki haijaguswa. Kasi imezidi mara mbili, lakini kazi ya breki imezidi mara nne. Ukienda 299 inakaribia mara tisa, na hata upepo ukikusaidia kupunguza mwendo, bado unahitaji karibu nusu kilomita.

Zilinganishe mita hizo na taa. Taa ya chini ya pikipiki nyingi inakuonyesha barabara kwa mita 50 au 60. Maana yake usiku, bila taa kubwa, hata 100 ni kasi ya kubahatisha: ng'ombe akisimama katikati, unamwona ukiwa umeshachelewa.

Kuna hesabu nyingine ambayo huisikii ikisemwa, ya mtu anayevuka. Njia mbili zina upana wa mita saba hivi, na kwa mwendo wa kawaida anahitaji sekunde tano. Kwa sekunde tano, pikipiki iliyo kwenye 200 inakula mita 278. Basi mama anatazama kulia na kushoto, anaona nukta ya taa moja mbali kabisa, anaingia barabarani. Hajakosea. Gari lina taa mbili zinazoachana kadiri linavyokaribia, jicho likapata kipimo cha mbio zake. Taa moja haikui kwa namna hiyo hadi ifike karibu. Dereva wa daladala au matatu anayekata kona mbele yako anadanganyika vivyo hivyo. Kwa hiyo hata uwe stadi namna gani, kwenye kasi hizo usalama wako umeuweka mikononi mwa watu wasiojua kwamba wameushika.

Tairi za kiwandani ni 120/70 mbele na 190/50 nyuma, zote ZR17, yaani za rimu ya inchi 17. Alama ya W ikiwa ndani ya mabano inamaanisha tairi imekubaliwa kwa zaidi ya 270, lakini kibali hicho kina masharti: upepo sahihi, mzigo sahihi, mpira usiochakaa. Tairi yenye upepo pungufu inajikunja kila mzunguko, kukunjika kunazaa joto, joto linaachanisha matabaka yake, na tairi inapasuka. Pima asubuhi kabla hujatembea, kwa kufuata kibandiko cha pikipiki yenyewe, usikubali kukadiriwa na kijana wa pancha. Tairi mpya zinateleza kwa kilomita 160 za mwanzo, kwa hiyo usizilaze sana kwenye kona.

Breki za mbele ni Brembo Stylema, diski za milimita 320, pamoja na ABS (mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge) inayotambua pikipiki imelala kiasi gani. Ni breki nzuri kwelikweli. Namna ya kuzitumia: bana ya mbele polepole kwa sehemu ndogo ya sekunde hadi uzito uhamie mbele, kisha ongeza nguvu hadi mwisho, ya nyuma iguse kidogo tu. Ukiikwapua ghafla, ABS itafanya kazi kabla tairi haijashika vizuri. Mafuta ya breki badilisha kila miaka miwili hata kama yanaonekana safi. Yananyonya unyevu, na katika mteremko mrefu unyevu huo unachemka, mkono wa breki unakuwa laini kama sifongo. Kwa unyevu wa pwani usisubiri hiyo miaka miwili iishe.

Upande wa elektroniki umejaa vikorombwezo. Kifaa cha kuondokea kwa mbio, chenye ngazi tatu, ni cha kuringia tu. Kilicho na thamani ni kikomo cha kasi unachoweka mwenyewe. Kiweke 100 au 110 na pikipiki haitapita hapo, ila ukinyonga mkono wa mafuta kwa haraka inakuachia upite gari kisha inarudi. Kwa mashine isiyokuambia unakwenda mbio kiasi gani, hicho ndicho kitufe cha kwanza kujifunza. Mvua ikinyesha tumia hali ya C, inalainisha nguvu.

Tumbo liko milimita 125 tu kutoka chini, na gurudumu hadi gurudumu ni milimita 1,480. Matuta makali yasiyo rasmi yatalikwangua hata ukipita taratibu, hasa mkiwa wawili. Ulaji wa mafuta kiwandani ni lita 6.7 kwa kilomita 100, kwa hiyo tangi linakufikisha karibu kilomita 300. Ukikamua mafuta sahau hesabu hiyo.

Ukinunua iliyotumika, anza na mkono wa nyuma unaobeba gurudumu. Ukiona umerefushwa, huenda pikipiki imekuwa ya mashindano ya mstari ulionyooka, na klachi yake imechoka. Za 1999 na 2000 zilikuja na fremu ya nyuma ya aluminiamu iliyokuwa ikipasuka kwa mzigo, baadaye Suzuki wakaweka ya chuma. Beba sumaku: isiponata, toa kiti na tafuta nyufa. Kisha soma namba nne za mwisho ubavuni mwa tairi. 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na muuzaji atakayekuambia tairi hiyo ni mpya kwa sababu bado ina meno, mwachie pikipiki yake.